Sufuria Iliyobaki Korongoni

Bwana wetu alipoona mitume wamechoka na kazi, aliwaita waende naye mahali pa faragha wapumzike. Basi mtu asidhani kwamba matembezi ya vijana ni kupoteza siku bure. Chama cha Xaveri, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952, kimezoeza vijana wengi kambi na safari za miguu, nasi walimu wa dini tumeifuata desturi hiyo. Lakini anayewaongoza watoto wa watu ana deni la kuwarudisha wote. Jambo hilo nilifundishwa na mchungaji wa ng'ombe, si shuleni.

Sisi wa Luvungi twakaa katika uwanda wa Ruzizi. Mvua nyingi huishia milimani, nasi huku chini twabaki na vumbi, nyasi kavu na miti ya miiba. Mto Ruzizi wenyewe hutoka Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya bahari, hupita makorongo marefu, na ufikapo Kamanyola umekwisha kushuka zaidi ya mita 500. Kwa nguvu hiyo maji yake huendesha mitambo ya umeme. Kuoga humo sikuwaruhusu vijana kamwe, kwa kuwa huko juu mna mkondo mkali, na huku chini mna mamba na viboko.

Kwa hiyo nilichagua korongo dogo chini ya milima. Wakati wa kiangazi kijito chake hukauka, hubaki mchanga mweupe na vidimbwi vichache. Kuta zake zimesimama pande mbili, na hata saa sita mna kivuli. Ilikuwa mwisho wa Septemba, mwaka 2018. Tulikuwa na vijana 17, tukabeba unga wa muhogo, ndagala, na sufuria kubwa ya parokia.

Tulikuwa tunapanga mafiga, mara mzee mmoja mchungaji akasimama ukingoni juu yetu.

"Mwalimu, msipike humo. Watoe watoto."

"Kwa nini, Mzee? Mbingu ni nyeupe."

"Mwanangu, maji ya humu hayanyeshi humu."

Nilimshukuru kwa adabu, na tukaendelea kupika. Hapa naungama wazi kosa langu. Mimi niliyesoma seminari niliona haya kugeuzwa njia mbele ya vijana na mtu asiyejua kusoma. Tena moto ulikuwa umekwisha kuwaka.

Haikupita nusu saa, msichana mmoja aliyekwenda kuchota maji akarudi na ndoo. "Mwalimu, dimbwi limechafuka, tena lina majani." Asubuhi dimbwi lile lilikuwa safi, changarawe zaonekana chini. Ndipo neno la mzee likanirudia. Nikapiga kelele: "Juu wote! Acheni vyote!" Vijana walinung'unika, kwa maana bugali ulikuwa karibu kuiva. Nikasikia mmoja akisema kwamba Mwalimu ni mwoga.

Kule ukingoni nikahesabu nikapata 16. Kijana mmoja alikuwa amerudi kuchukua sufuria, kwa sababu asubuhi nilimwambia, "Wewe ndiwe mlinzi wake." Alitii neno langu la kwanza. Nikashuka mbio, nikamshika shati, nikamvuta. Tulikuwa tukipanda, nikasikia ngurumo kama lori linalopita juu ya daraja la mbao. Maji yakaja, mekundu kwa udongo, yamebeba magogo na kuviringisha mawe. Sikuona sufuria ilivyokwenda.

Yule mzee alituhesabu naye, mmoja mmoja, kwa fimbo yake. Kisha akaniuliza neno moja tu: "Wote?"

"Wote, Baba."

Mambo hayo si mwujiza. Ardhi iliyopigwa na jua miezi mingi hukauka kama sakafu; mvua ya ghafula ikinyesha milimani, maji hayazami upesi, hutelemka yote kwa pamoja. Korongo likiwa jembamba, hayana pa kutawanyika, hupanda juu. Kule Kenya, katika korongo la Njorowa karibu na Naivasha, mafuriko ya namna hiyo yaliua watu saba mwezi wa Aprili 2012, nao walikuwa kundi la vijana wa kanisa waliokwenda kutembea. Mwezi wa Septemba 2019 yakaua watu saba tena, mahali pale pale. Nasi hatukusahau Aprili 2020, mito ya Uvira ilipofurika na kuua makumi ya watu.

Jioni ile, njiani, nilitunga maneno ya kumwambia Padri kwamba sufuria iliibwa. Lakini vijana 17 walikuwa nyuma yangu, nao walijua. Nikamweleza yote, nikalipa sufuria kwa miezi miwili. Kesho yake nikaenda kwa mama wa yule kijana. Alinisikiliza, asiseme kitu. Hata Noeli hakumruhusu mwanawe kufuatana nasi tena, wala sikumlaumu.

Tangu vita ilipofika Kamanyola mwanzoni mwa mwaka 2025, hatujawapeleka vijana korongoni. Lakini amani itarudi, na miguu ya vijana haikai bure. Siku hiyo, enyi walimu wenzangu, waulizeni kwanza wachungaji wa mahali. Msipike wala kulala mchangani penye njia ya maji. Kabla ya kuingia, tazameni pa kutokea. Maji yakibadilika rangi au yakileta majani, pandeni juu, mwache na chakula. Nanyi msiwape watoto ulinzi wa vyombo pasipo kuwaambia kwamba wao wenyewe wapita vyombo vyote.

Yule mzee amekwisha kufariki. Mungu amrehemu, naye atuombee tufike wote.