Nafasi Nne Katika Motoka



Wazazi wengi wa Likasi walio na mtoto kwenye universite kule Lubumbashi wananisimamisha kisha Misa kuniuliza: «Baba, ninyi mulifanya namna gani? Feti ya toga inaomba franga ngapi?» Ninawajibu kadiri ninavyokumbuka. Kaye ya mahesabu ingali nyumbani, kila kitu kimeandikwa mule. Lakini kuna jambo moja halikuandikwa katika kaye, na ndilo linanifanya leo nishike kalamu.

Kwanza kwa wale wasiojua. Mtoto wa universite anafurahiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya proklamasio, wakati majina yanasomwa na kila mmoja anajua kama amepita. Siku ile haina mpango. Vijana wanamwagiana pudre nyeupe kichwani, wanaimba njiani, na mama anapigiwa simu sokoni, anaacha biashara yake na kupiga vigelegele. Mara ya pili ni kolasio, siku ya toga, ambapo wakubwa wa universite wanakaa mbele na kila mmoja anapewa grade yake kwa heshima, jamaa wakitazama. Siku hiyo inaweza kukawia miezi kisha proklamasio. Katika miezi ile jamaa wanapata nafasi ya kukusanyika, ya kuhesabu, na ya kugombana. Sisi tulifanya yote matatu.

Kijana wetu alimaliza lisansi ya jeolojia katika Universite ya Lubumbashi, ile iliyoundwa mwaka wa 1955, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Élisabethville. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa kiwanda hapa Likasi, wakati mji wetu ulikuwa na jina la Jadotville. Mwaka wa 1960, nchi ilipopata uhuru, Wakongo wenye diploma ya universite hawakufika thelathini katika nchi nzima. Kwa baba yangu, mtu wa universite alikuwa Mzungu, ao padri. Angemwona mjukuu wake ndani ya toga, sijui angesema nini. Pengine angeuliza kwanza kama nguo ile imelipiwa.

Tulikusanyika kwetu Kikula siku ya Mungu moja, miezi miwili mbele ya sherehe. Kaka yangu mkubwa, yule tunayemwita Yaya, alitoka Kambove. Mjomba wa kijana alikuwako, mashemeji walikuwako, na mwenyekiti wa shirika letu alifungua kikao kwa sala. Binti yetu mkubwa alishika kaye, maana yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri kati yetu.

Tukapanga hivi: Ijumaa kusafiri na kulala Katuba kwa dada ya bibi yangu, Jumamosi sherehe kule Kasapa na kurudi jioni, Siku ya Mungu Misa ya shukrani, kisha chakula katika kiwanja chetu. Kukodi toga, viatu, picha, mbuzi wawili, mfuko wa unga, mchele, sukre za watoto na munkoyo ya wazee. Halafu wamama wakasema sherti wote wavae kikwembe cha rangi moja. Hapo tulikaa saa nzima. Ninawaambia wazi, wazazi, vikwembe vile vilikula pesa kuliko toga, viatu na picha pamoja. Kama ningeanza tena, ningekataa, hata kama wangeninunia mwaka mzima.

Ikabaki safari. Ndugu mmoja wa shirika alikubali kutuazima motoka yake pamoja na dreva, sisi tulipe esanse na peaji. Toka Likasi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 120, si mbali, lakini mbuzi na vikwembe vilikwisha kumaliza pesa ya kulipia watu wengine bisi. Motoka ilikuwa na nafasi nne. Mimi baba, moja. Mama ya mtoto, mbili. Yaya, kwa kuwa ni mkubwa wa ukoo, tatu. Mjomba, kwa sababu kwa desturi yetu mjomba haachwi nyuma, nne.

Binti yetu aliandika majina yale manne kwa mkono wake. Akatazama ukurasa kidogo. Kisha akasema: «Sasa ni muzuri, juu miye nikienda, nani atapika?» Na hakuna mtu aliyemjibu. Bibi yangu peke yake alifungua kinywa: «Lakini huyu mutoto njo alilipa...» Yaya akamkata: «Mama, huyu alisha kuolewa, ni wa ku bwana yake. Atamuona mudogo wake Siku ya Mungu.» Nami mwenye nyumba nilisema: «Tuendelee.»

Sherti niwaeleze sasa yule binti ni nani.

Ninyi wa miji ya shaba munajua namna mambo yalikwenda. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka wa 1994 hazikufika 40,000. Mwaka wa 2003, wakati watu zaidi ya elfu kumi walitoka kazini kwa ule mpango wa kutoka kwa hiari, mimi vilevile niliacha kazi nikiwa na bahasha mkononi. Sikusikiliza shauri la mtu. Nilinunua bisi ndogo ya kuchakaa ili nifanye biashara ya kubeba watu. Iliniletea faida majuma sita. Kisha ikakufa moteri, tukaitengeneza, ikakufa tena, na ile pesa yote ikaishia chini ya mwembe pamoja na bisi. Kuku wetu walitagia ndani.

Mwaka ule binti yetu alikuwa katika mwaka wa nne wa sekondari, na alikuwa wa pili katika darasa lake. Mdogo wake alikuwa angali anajifunza kuandika jina lake. Siku moja binti hakuvaa nguo za masomo. Mama yake alimkuta sokoni na beseni ya unga alioupewa kwa deni. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna aliyemrudisha. Toka unga alikwenda kwa samaki wa kukauka, toka samaki kwa chumvi, kisha tena unga. Aliolewa, akazaa watoto watatu, na bwana yake ni mtu wa kuchimba, leo ana kitu, kesho hana. Lakini wakati wa minervali ya kijana, kila mwaka, na wakati wa karatasi za memwari, ni ile meza ya unga iliyolipa. Mimi nilikuwa naongeza kidogo. Kidogo sana.

Basi, Ijumaa tuliondoka. Yaya alikaa mbele, akatusimulia maisha yake yote mpaka tukaingia Lubumbashi. Kule Katuba kijana alikuja mbio kutupokea. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima, kisha akainama akatazama ndani ya motoka.

«Yaya iko wapi?» Alisema juu ya dada yake, si juu ya kaka yangu.

«Alibakia. Iko naangaria bya kula ya Siku ya Mungu.»

«Aa,» akasema. Akachukua mizigo yetu akaingiza nyumbani. Jioni ile hakuzungumza sana, na mimi nilijiambia ni woga wa kesho.

Jumamosi Kasapa ilijaa watu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, wamama walikuwa wanabeba viatu mkononi na kuvivaa karibu ya viti. Vijana waliingia kwa mustari ndani ya toga, na hata Yaya alinyamaza. Majina yakaanza kusomwa, fakulte kwa fakulte. Ni majina mengi, wandugu, msifikiri ni jambo la nusu saa. Kuleni asubuhi.

Katikati ya majina simu yangu ikalia. Ni mwenye mbuzi kule Likasi, alisema mbuzi wa pili amepanda bei na yuko mtu mwingine anamtaka. Nikatoka nje ya watu ili nimsikie vizuri. Tukabishana. Nilimwita mwizi, naye aliniita jina siwezi kuliandika katika gazeti la kanisa. Mwishowe tulisikilizana. Wakati nilirudi, bibi yangu alikuwa anapangusa machozi na kikwembe chake kipya, mjomba amesimama anapiga makofi, na kijana wetu amekwisha kupita.

Nilipiga makofi pamoja nao. Katika picha ninaonekana katikati, ninacheka.

Tulifika Kikula usiku, kijana pamoja nasi, amekaa kati ya mama na mjomba kama mzigo. Alikuwa amechoka, akalala palepale. Umeme haukuwako. Binti yetu alikuwa nje karibu ya mbabula mbili, anachambua mchele kwa mwangaza wa makala na wa simu. Alinipa kiti, akanipa maji. Akasema: «Baba, unielezee.»

Nikamwelezea: watu wengi, toga nyingi, matope.

«Hapana, Baba. Banaita jina yake namna gani? Banaanzia na jina ya babu, ao ile ya ubatizo? Sauti yake munene ao mudogo? Eye alitembea namna gani?»

Nikasema: «Walimwita vizuri. Alitembea vizuri.»

Alingoja. Mikono yake iliendelea kutoa vijiwe katika mchele. Sikuweza kuongeza neno, nilikuwa sina. Mwishowe nikamwambia ukweli: nilikuwa nje, kwa ajili ya mbuzi.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Alitazama chini muda kidogo, kisha akasema tu: «Akuna mambo, Baba. Ule mbuzi mwenyewe ni mukubwa, tulisha kumuona.» Na akatia mchele ndani ya maji.

Siku ya Mungu kijana aliingia kanisani na toga, akabeba matoleo mbele pamoja na mama yake, korali ikaimba, Padri akasema maneno mazuri juu ya wazazi wanaojitoa. Nilitazama sakafu. Yule aliyejitoa hakuwa kanisani, alikuwa anageuza bukari.

Kisha Misa watu wakajaa kiwanjani. Tulitengeneza meza ya wakubwa chini ya hema, kiti cha kijana katikati. Yaya alisimama kwa hotuba yake, na hotuba ya Yaya ni safari ya pili ya Lubumbashi. Alipofika mahali pa kusema «na huyu mtoto wetu», akageuka: kiti kilikuwa kitupu. Nikaondoka polepole kumtafuta.

Nilisikia kicheko nyuma ya nyumba, upande wa masufuria. Nikasimama kwenye pembe ya ukuta. Binti yetu alikuwa amekaa juu ya bidoni iliyogeuzwa, mwiko mkononi, kikwembe kipya amekifunika na kingine cha zamani ili kisichafuke. Kijana alikuwa mbele yake, ameinua toga kwa mkono mmoja isiguse majivu, na kwa mkono mwingine anashika kifuniko cha sufuria kama karatasi. Alikuwa anamfanyia sherehe yote, toka mwanzo. Alitembea kama Rekta. Alikohoa kama dekano. Alisoma majina ya wenzake, yule mrefu, yule aliyeanguka katika matope, na kwa kila jina alifanya mwendo wa mwenyewe, na dada yake alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha akaacha mchezo. Akasimama wima, akaita jina lake mwenyewe kwa sauti kubwa: la babu yangu kwanza, la baba yangu la pili, la ubatizo mwisho. Akatembea hatua tatu mpaka mbele ya dada yake, akainama.

Ni hivyo nami nililisikia jina lile likiitwa, nikiwa nimejificha nyuma ya ukuta wa nyumba yangu.

Sikumwita kijana mezani. Nilirudi peke yangu, nikamwambia Yaya aendelee, mtoto anakuja. Walikula ukoko kule nyuma, wao wawili, na alikuja kisha nusu saa na majivu kwenye toga. Tulilipa kidogo juu ya yale majivu wakati wa kuirudisha.

Juma lililofuata nilikwenda sokoni, kwenye meza ya unga. Nilikuwa nimetengeneza maneno mengi njiani, nikayasahau. Nilimwuliza tu: «Kama ungepata njia ya kumaliza masomo, ungeyataka tena?» Aliinama, akatoa chini ya beseni karatasi iliyokunjwa mara nne, imekuwa nyeupe kwa unga. Alikuwa amekwisha kuuliza yeye mwenyewe, kumbe tangu zamani. Ni maelezo juu ya wale wanaoitwa autodidakte, watu wanaojisomea peke yao, ambao wanapita kwanza mtihani wa kuanzia, kisha wanakubaliwa kuandika Exetat pamoja na wanafunzi wengine. Pembeni alikuwa ameandika gharama kwa kalamu, akazikata, akaziandika tena.

Tumefungua ukurasa mpya katika kaye ileile. Hakuna vikwembe juu yake. Mdogo wake anamtumia pesa ya vitabu, na alasiri tatu kwa juma binti anakwenda kwa mwalimu mmoja wa jirani kujifunza hesabu na Kifaransa. Alasiri zile mimi ndiye ninakaa kwenye meza ya unga. Wateja wananung'unika, wanasema baba huyu anapima kwa mkono mzito na kurudisha chenji pole pole. Wengine wanauliza mwenye meza atarudi saa ngapi. Ninawajibu kwamba yuko masomoni.

Baba mmoja wa Kikula, Likasi