Nyumba ya Kwihara na Sanamu za Ujiji

Likizo iliyopita tulijaaliwa kuwapeleka watoto Tabora, alikozaliwa babu yao, kisha Ujiji, ili waione njia ya misafara ya kale na makumbusho yake mawili.

Tulianzia Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Makumbusho ya hapo ni nyumba yenyewe: tembe lenye paa bapa la udongo, ua wa ndani, na mlango wa nakshi unaomkumbusha mtu Unguja. Mwaka 1871 Stanley alifikia Kwihara, akakaribishwa na liwali Said bin Salim. Mwaka uliofuata alirudi pamoja na Livingstone, aliyekaa hapo hadi Agosti. Leo tembe hilo hutajwa kwa jina la Livingstone. Mgeni amewafunika wenyeji wake.

Basi tukawasifia watoto, kwa fahari, ukarimu wa Waislamu wale waliompa mgeni nyumba na chakula. Binti yetu wa miaka kumi akauliza: “Baba, na maji walikuwa wakitekewa na nani?”

Tulikuwa na jibu la wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa ujira. Ni jibu la kweli, lakini halikuwa jibu la swali lake. Maji ya nyumba kama ile yalitekwa na watumwa. Nasi tulijua jambo ambalo watoto hawajapata kuambiwa: bibi yake babu yao aliletwa Tabora kutoka Manyema na msafara, wala hakuja kwa hiari. Waliomleta walikuwa wakiswali kama tunavyoswali sisi. Tulisimama uani kitambo, kisha tukawaambia yote.

Usiku tulipanda treni ya Kigoma. Watoto walilala, sisi hatukupata usingizi.

Makumbusho ya Ujiji ni ya namna nyingine kabisa. Kwihara vyumba vitupu vinakuachia uwaze, Ujiji umeshawaziwa. Sanamu mbili, Stanley na Livingstone, zinasalimiana kwa kuvua kofia, na nje ipo miembe isemwayo ni mizao ya ule uliowatia kivuli. Wavulana walifurahi, wakaigiza salamu ile. Hatukuwakataza. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetangulia kumkimbilia Stanley siku ile. Na mwaka 1873 yeye, Chuma na wenzao waliupitisha mwili wa bwana wao Unyanyembe, wakiupeleka pwani.

Binti alizizunguka sanamu mara mbili, akaja kutuuliza bibi yule aliitwa nani. Jina lake la kwao Manyema hatulijui. Tunalolijua ni lile alilopewa na waliommiliki Tabora. Baada ya swala ya magharibi, katika msikiti mmoja wa Ujiji, tulimwombea dua kwa jina hilo hilo.