Ada ya Mwanafunzi: Kutoka Yahuma Hadi Kampala

Yahuma ni wilaya ya msitu katika jimbo la Tshopo, magharibi ya Kisangani. Watu wake hulima mpunga, mahindi na mihogo, tena hukamua mawese. Kijana wa huko apatapo nafasi ya kusoma Kampala, ada yake hutoka katika magunia na madebe hayo. Basi, wasomaji wapenzi, na tuifuate fedha hiyo njiani.

Kwanza huupanda Mto Kongo kwa mashua. Abiria huipita Isangi, pale Lomami imwagapo maji yake, kisha Yangambi yenye kituo mashuhuri cha utafiti wa kilimo, ndipo wafikapo Kisangani, mji ambao Kiswahili na Kilingala husikika katika soko moja. Hapo faranga hugeuzwa dola. Wazee wanajua sababu. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilihesabiwa kuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Aliyeweka akiba sandukuni alibaki na karatasi. Lakini dola nayo yataka macho: noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa sokoni.

Toka Kisangani kwenda mashariki, njia ya msituni ipitayo Bunia imekuwa ya hatari kwa miaka mingi. Si njia ya kubebea ada ya mwaka mzima mfukoni. Afadhali fedha itangulie kwa benki, iingie katika akaunti ya chuo chenyewe, na mwanafunzi ashike stakabadhi. Mfukoni abaki na nauli na chakula cha siku za kwanza.

Kampala, dola hugeuka shilingi. Hapa wengi hudanganyika: waonapo maelfu mkononi, hudhani wametajirika. Sivyo! Kila inapobadilishwa fedha hupungua, maana mbadilishaji hununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa. Kwa hiyo abadilishe matumizi ya mwezi mmoja tu, katika duka lenye leseni, baada ya kuuliza bei mahali pawili au patatu. Nyingine aiweke benki, akienda na pasipoti na barua ya chuo kufungulia akaunti.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanafunzi na aandike kila jioni alichotumia. Na wakati wa likizo awasomee wazazi wake daftari hilo, kwani kila shilingi iliyomo ilianza safari kama mpunga wao.