Kamala Khan kaingia nyumbani kwetu

Wiki hii hatuna mshono mpya wa kuwaonesha maharusi wetu. Tuna kitabu.

Wifi yetu alikuja likizo kutoka Uingereza akamletea binti yetu kitabu cha katuni, Ms. Marvel, toleo la kwanza la mwaka 2014. (Tunasema binti yetu, kazaliwa na mmoja wetu ila tumemlea sote, na ana miaka 13.) Mtungaji, G. Willow Wilson, ni Mmarekani aliyesilimu. Shujaa wake, Kamala Khan, ni msichana wa Kiislamu wa miaka 16 wa Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistan. Tukasema kheri. Kumbe hadithi inaanza mtoto wa Kiislamu yuko dukani ananusa nyama ya nguruwe kwa hamu! Cherehani zilisimama. Tukamnyang'anya.

Alilia mpaka isha. Baadaye tukaona tumehukumu kwa ukurasa mmoja, tukamwita atusomee yeye, maana Kiingereza chetu ni cha kuuzia watalii.

Nguruwe mwenyewe haliwi, ananuswa tu. Halafu yuko rafiki yake Nakia, mwenye ushungi. Msichana mmoja anajifanya kumhurumia, anamuuliza kama amelazimishwa. Nakia anamjibu kuwa baba yake ndiye anayetaka auvue. Tulicheka, kwa sababu tunao wateja hao: biharusi anataka kifua na mabega yafunikwe, mamake anasema atafanana na bibi kizee.

Nyumbani kwao baba anafanya kazi benki, kaka mtu wa dini anamsema kwa riba, na baba anamsema kaka kwa kukosa kazi. Hiyo ni nyumba ya watu tunaowajua.

Basi Kamala anaomba kwenda kwenye sherehe ya usiku, yenye wavulana na pombe. Baba anakataa. Anatokea dirishani. Huko anapewa juisi ya machungwa iliyotiwa pombe bila kuambiwa, anaitema, wanamcheka. Hapa msomaji wetu sauti ikamshuka. Mmoja wetu akamuuliza, "Mbona umenyamaza, mwanangu?"

"Mama, ile Alkhamisi sikwenda chuoni. Tulikwenda Forodhani."

Hatukumpiga. Ukweli, tuliona haya kuliko hasira. Siku ile tulikuwa na magauni manne ya harusi mkononi, na aliporudi hakuna aliyemuuliza kasoma nini. Tukamwambia aendelee na kitabu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa baada ya alfajiri, na hayo yatabaki ndani.

Tusilolipenda ni huku mwishoni. Ukungu unamfunika Kamala, anatokewa na mashujaa watatu wanaelea hewani mithili ya malaika. Mtoto mdogo atachanganyikiwa. Kisha anaomba awe kama Captain Marvel, na anakuwa: nywele za dhahabu, vazi jeusi limebana, mapaja yote nje. Mafundi tuliguna. Binti akatutuliza, wifi kamwambia kuwa katika matoleo ya mbele Kamala analiacha vazi hilo na kujitengenezea lake kutokana na burkini, ile nguo ya kuogelea ya stara. Tukaanza kubishana kitambaa gani kinavutika bila kuchora mwili. Mpaka leo hatujaafikiana.

Mkituuliza, hadithi ni nzuri, na wazazi wa Kamala hawakufanywa wajinga, jambo tulilolihofia sana. Chini ya miaka 12 tusingempa mtoto, na hata wetu hasomi chumbani peke yake. Kitabu kinakaa kwenye meza ya kukatia, kati ya mkasi na futi kamba.

Toleo la pili tumeshamwagiza wifi. Forodhani tutakwenda sote, akishalipa somo la Alkhamisi ile.