Njia za Bunia na Taabu za Madereva

Tukiingia dukani Bunia twakuta chumvi, sabuni, saruji, mabati na mafuta ya taa. Mama hulalamika kwamba bei imepanda, naye mwenye duka hujibu kwamba njia ni mbaya. Mara nyingi mwenye duka asema kweli. Reli haifiki katika mji wetu, wala hakuna mto wa kupitisha meli. Ndege zatua, lakini haziwezi kubeba saruji ya mji mzima. Basi, karibu kila kitu huja juu ya lori, na kutoka bandari ya Mombasa hadi hapa ni safari ya zaidi ya kilometa 1,500. Yafaa leo tuzitazame njia nne za Bunia, tupate kujua mtu anayetuletea chumvi ameteswa na nini.

Njia ya kwanza yatoka Uganda kwa mpaka wa Goli, hupita Mahagi, kisha hukata vilima vya majani vya wilaya ya Djugu mpaka Iga Barrière na Bunia: kilometa zipatazo 180 toka Mahagi. Mgeni aanza kupata shida pale pale mpakani. Uganda na Kenya magari hupita mkono wa kushoto. Kongo hupita mkono wa kulia. Dereva wa Kenya usukani wake uko kuume. Hivyo hapa akitaka kulipita gari lililo mbele haoni anayemjia, ni lazima utingo achungulie kwa niaba yake. Karatasi za forodha nazo zimeandikwa Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachomwokoa, kwa maana askari, karani na dereva hukielewa wote. Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi twatumaini kwamba udugu huo utapunguza siku za kungoja mpakani. Lakini taabu kubwa ya njia hii haikuwa karatasi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 watu wenye silaha walitia hofu Djugu, vijiji vikachomwa, na kwa nyakati nyingi malori yalikaa Mahagi au Bunia yakingoja habari njema.

Njia ya pili yateremka kwenda Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Bunia iko juu, mita zipatazo 1,250 toka usawa wa bahari. Ziwa liko chini, mita zipatazo 620. Baada ya Bogoro nchi yakatika kama ukuta, na lori lashuka kona kwa kona. Kushuka tupu si hatari sana. Hatari ni kupanda na mzigo wa samaki wa chumvi, makayabo, huku abiria wamekaa juu ya magunia. Mwenda pole hajikwai, na dereva mwenye akili huacha gia ndogo ishike gari, asiichoshe breki. Huko chini vilevile kupakia si rahisi: mzigo watoka katika mitumbwi, wabebwa mabegani, tena samaki hawangoji. Lori likichelewa siku mbili, mali ya mama mjane imeharibika. Kila apitaye Bogoro na akumbuke pia marehemu wa tarehe 24 Februari 2003, watu wapatao 200 waliouawa hapo.

Njia ya tatu yaenda Mongbwalu, nchi ya dhahabu. Dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na watu wengi hudhani kwamba penye dhahabu barabara nayo hung'aa. Sivyo. Mvua ikinyesha udongo mwekundu hugeuka uji. Lori moja likikwama, yaliyo nyuma hupanga mstari. Utingo hushuka na sepetu, hukata miti na kuitia chini ya magurudumu, hufunga minyororo, nao vijana wa kijiji huja kusukuma kwa malipo. Ndiyo sababu ya bariere za mvua: ubao hushushwa njiani, na malori husimama mpaka ardhi ikauke. Dereva mwenye haraka huzichukia, lakini zamsaidia, kwa kuwa lori zito likipita katika tope laichimba njia ya wenzake wote.

Njia ya nne ndiyo iliyolia kuliko zote. Ni ile ya Komanda, kilometa 75 toka Bunia, ambako twakutana na barabara kubwa ya namba 4. Ukigeuka upande mmoja wapita Mambasa na msitu wa okapi hata Kisangani. Upande mwingine wafika Beni na mpaka wa Kasindi. Hapo hupakiwa mbao na kakao za msituni. Lakini msitu ule umewaficha wauaji. Serikali ikaamuru magari yaende kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Hata hivyo, tarehe 1 Septemba 2021 msafara ulishambuliwa karibu na Ofaye, watu wakauawa na magari yakachomwa moto. Na usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025 wauaji waliingia Komanda kwenyewe, katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite, wakawaua zaidi ya watu 30, wengi wao Wakristu waliokuwa wakikesha katika sala. Anuarite naye aliuawa na wenye silaha, mwezi Desemba mwaka 1964 huko Isiro. Damu ya watoto wake imemwagika chini ya jina lake.

Sasa tujiulize: kati ya taabu hizi, ipi ni ya udongo na mvua, na ipi ni ya mioyo ya watu? Mlima wa Kasenyi ni kazi ya Mungu, nao hauna hila. Tope laja na mvua, nalo hukauka. Lakini anayelizidisha shimo usiku ili kesho alipwe kwa kusukuma, anayedai pesa bila risiti kwenye bariere, anayemwuzia maji kwa bei ya pombe mtu aliyelala njiani siku tatu, hao hufanya njia iwe ngumu kuliko Mungu alivyoiumba. Wala wasidhani kwamba wamla tajiri mwenye lori. Tajiri huongeza hasara yake katika bei ya chumvi, na mwenye kuilipa ni mama yao wenyewe.

Wakristu wenzetu, mwajua mfano wa Msamaria mwema. Mtu yule alikuwa akiteremka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, njia ya kushuka bondeni kama hii yetu ya Kasenyi, nao wanyang'anyi walimngoja. Bwana wetu hakutuuliza barabara ilikuwaje. Alituuliza ni nani aliyekuwa jirani. Kijiji kilicho kando ya njia chaweza kuwa jirani bila gharama kubwa: maji safi, mahali pa kulala, neno la kweli kuhusu hatari iliyo mbele. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nanyi madereva, msiwapandishe watoto juu ya mzigo, msinywe kabla ya mteremko, msiuache msafara kwa kutaka kutangulia sokoni. Wake zenu wawangojea.

Tunapokula chakula chenye chumvi jioni ya leo, tuseme Salamu Maria moja kwa ajili ya aliyeileta, na nyingine kwa ajili ya wale ambao hawakufika.