Buffalo, mji wa mkate usiosafiri

Wageni wengi wanaoshuka Buffalo hawakuja kuiona Buffalo. Wanakodi gari uwanja wa ndege, na baada ya nusu saa wako ukingoni mwa Maporomoko ya Niagara, wamevaa makoti ya plastiki na wamelowa vilevile. Jioni wanarudi mjini, wanaagiza mabawa ya kuku yenye pilipili kwa sababu sifa zake zimewafikia huko walikotoka, kisha wanapanda ndege. Chakula chenyewe cha mji huu hawajakionja. Ni sandwichi ya nyama ya ng'ombe ambayo wenyeji huiita beef on weck. Ukiiulizia hata New York, jiji lililo katika jimbo hilihili, mhudumu anaweza kukukodolea macho asijue unasema nini.

Vitu vinavyoiunda ni vichache. Kuna skonzi ya ngano, ganda lake gumu kidogo na ndani laini, iliyonyunyiziwa juu chumvi ya mawe na mbegu za kisibiti. Jina lake kamili ni kummelweck, ila hakuna mwenye subira ya kulitamka lote. Kuna paja la ng'ombe lililookwa zima, taratibu, likakatwa vipande vyembamba. Kuna mchuzi uliodondoka kutoka kwenye nyama hiyo. Halafu kuna hosiradishi, mzizi mweupe wa ukoo mmoja na haradali, uliokunwa na kutiwa siki. Hakuna nyanya, hakuna jibini, hakuna majani ya saladi. Anayekuongezea mayonesi anakudanganya.

Mimi nilianzia kwa Charlie the Butcher, mgahawa mdogo ulio ng'ambo ya uwanja wa ndege, upande wa Wehrle Drive, maana nilikuwa na njaa na sikuona haja ya kuzunguka. Hapo nyama hukatwa kwa mkono. Mkataji husimama mbele ya wateja, paja zima liko juu ya ubao, kisu chake kirefu na chembamba. Hakandamizi, anakivuta kisu na uzito wa kisu unafanya kazi. Vipande vinaangukiana, vingine vyekundu katikati, vingine vya kahawia pembeni, mpaka vinafanya kilima juu ya nusu ya chini ya skonzi. Ile nusu ya juu anaichovya kwenye mchuzi upande wa ndani tu, mara moja na upesi, kisha anafunika. Ndani pamelowa, juu pamebaki pakavu, na chumvi bado inang'aa.

Ukoo wa Roesch, wenye mgahawa huo, uliingia kwenye biashara ya nyama sokoni Broadway mwaka 1914. Babu yao, Charles E. Roesch, alitoka buchani akawa meya wa Buffalo kuanzia 1930 hadi 1933. Kwetu mwenye bucha akijitahidi sana huishia udiwani.

Ukiing'ata, kwanza unakutana na chumvi, tena kwa punje, siyo ile iliyoyeyuka na kupotea ndani ya chakula. Baadaye kisibiti, chenye harufu inayokaribiana na ya shamari lakini kali zaidi. Nyama inafuata, laini na tamu kwa sababu haikuharakishwa. Unadhani mambo yameisha, ndipo hosiradishi inapanda puani. Ukali wake si wa pilipili. Ulimi hauungui hata kidogo. Unapiga kati ya macho, machozi yanakutoka, na baada ya pumzi mbili tatu umetoweka kabisa, unatamani urudi.

Msomaji wa kwetu, aliyezoea nyama ya kuchoma iliyokaukia mkaani, atashtushwa na ule wekundu. Si damu. Ni mayoglobini, protini ya kwenye msuli ambayo haijapata moto wa kutosha kubadilika rangi. Asiyeridhika na maelezo hayo aombe kipande cha mwisho wa paja, kilichoiva mpaka kahawia, chenye ganda la chumvi na mafuta. Wenyeji wenyewe hukigombania.

Kwa nini chakula hiki kiwe cha Buffalo na si cha pengine? Jibu liko kwenye maji. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, ukaliunganisha Ziwa Erie na Mto Hudson na hivyo na bahari. Buffalo ikawa ndipo meli za maziwani zinaposhusha shehena na mashua za mfereji zinapopakia. Ngano ilikuja kwa wingi hadi wapagazi wakashindwa, na mwaka 1842 Joseph Dart akajenga hapa ghala la kwanza la kuinua nafaka kwa mashine ya mvuke. Reli zilipofika zilileta ng'ombe, na mwishoni mwa karne ya 19 mazizi ya mnada ya Buffalo Mashariki yalikuwa yakizidiwa na ya Chicago tu. Chumvi ilitoka Syracuse, mji uliopewa jina la utani la Mji wa Chumvi, ikisafirishwa kwa mfereji uleule. Wajerumani walihamia na bia yao na kisibiti chao, Wapolandi wakaja na hosiradishi. Baada ya hapo ilibaki kazi ya kuvikutanisha.

Kuhusu nani alivikutanisha, wenyeji husimulia habari ya mwokaji wa Kijerumani aliyeitwa William Wahr na mwenye baa, Joe Gohn, aliyetaka kuwauzia chakula watu wa Maonyesho ya Pan-American yaliyofanyika hapa mjini mwaka 1901. Inasemekana chumvi iliwekwa kwa hila: mteja ale, apate kiu, anunue bia. Kama ni kweli au ni porojo za baa, hila yenyewe ingali inafanya kazi hadi leo. Mimi nililazimika kuagiza maji mara kwa mara.

Maonyesho hayohayo yana habari yake ya huzuni. Tarehe 6 Septemba 1901 Rais William McKinley alipigwa risasi humo, akafariki siku nane baadaye, na Theodore Roosevelt akaapishwa katika nyumba moja ya barabara ya Delaware ambayo sasa ni makumbusho. Ndiye Roosevelt aliyeteremka Mombasa Aprili 1909, muda mfupi baada ya kutoka madarakani, akaingia bara kuwinda na msururu mrefu wa wapagazi. Nilisimama mbele ya nyumba ile nikiwafikiria wapagazi kuliko nilivyomfikiria yeye.

Mji wenyewe unapendeza kuliko wengi wanavyotarajia. Kuna jengo la Guaranty lililosanifiwa na Louis Sullivan, lililokamilika 1896, ambalo kila tofali lake la udongo wa kuchoma limenakshiwa, na kuna ukumbi wa jiji ambao unapanda bure hadi juu ukaliona ziwa. Lakini kilichonishika mimi ni harufu. General Mills wana kiwanda kando ya mto kinachotengeneza Cheerios, na upepo ukitoka upande huo, katikati ya mji kunanukia nafaka iliyookwa. Watu wanatembea kwenda kazini ndani ya harufu ya kifungua kinywa. Yale maghala marefu ya nafaka, mengi sasa matupu, yamepangana kando ya maji. Ukiyatazama huku unanusa, unaelewa kwamba mji huu haukuanza jana kushughulika na mkate.

Huko West Seneca, kusini mashariki ya mji, kuna Schwabl's, mgahawa unaojitaja kuwa wa tangu 1837. Ni chumba kidogo, meza zimekaribiana, wateja wengi ni wa umri wa kustaafu na wanajuana. Weck yao inakuja na saladi ya viazi ya Kijerumani, ya moto, yenye siki. Mimi naona hapa ndipo mkate na nyama vinapolingana vizuri zaidi: nyama ni nyembamba zaidi, haikushindi kung'ata. East Aurora napo, kwenye baa ya Bar-Bill, hutengeneza weck nzuri, ingawa watu wanajazana kwa ajili ya mabawa ambayo mchuzi wake hupakwa kwa brashi, bawa moja moja.

Mabawa hayo yalianzia Anchor Bar mwaka 1964 na leo yanaliwa kila pembe ya dunia. Sandwichi iliyoyatangulia kwa miongo mingi imebaki nyumbani, na sababu ni ileile chumvi. Chumvi huvuta maji, kutoka hewani na kutoka kwenye mkate wenyewe. Skonzi iliyonyunyiziwa asubuhi, kufika jioni uso wake umetota, ganda limelegea, punje zimeyeyuka zikaacha mabaka. Huwezi kuifunga kwenye plastiki ukaipeleka Florida. Ndiyo maana migahawa makini huchukua skonzi tupu, huipaka uji mwepesi wa wanga wa mahindi, huinyunyizia chumvi na kisibiti, kisha huirudisha kwenye oveni dakika chache tu kabla ya kuuza.

Nililiona hilo kwa karibu katika jiko la mtu anayesema Kiswahili. Buffalo ina wasemaji wa Kiswahili wengi kuliko unavyodhani: Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu, waliokuja kama wakimbizi na kupanga upande wa magharibi wa mji, ambako nyumba zilikuwa zimebaki tupu. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 580,132. Mwaka 2010 walibaki 261,310. Sensa ya 2020 ikahesabu 278,349, ongezeko la kwanza baada ya miaka 70, na wahamiaji wana sehemu kubwa katika hesabu hiyo. Mwenyeji wangu ni mzaliwa wa Kasongo, Maniema, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma. Ni Mwislamu, kwa hiyo nyama ya kwenye baa haigusi, lakini sandwichi alikuwa ameisikia kazini kila siku hadi akaamua kuipika mwenyewe.

Nyama aliinunua kwa muuzaji wa halali upande wa Broadway, mtaa uliokuwa wa Wapolandi na ambao siku hizi una Wabangladeshi wengi na misikiti. Hosiradishi aliipata Broadway Market, soko la tangu 1888, ambalo wiki za kuelekea Pasaka hujaa watu wanaotafuta soseji, siagi iliyofinyangwa kama mwanakondoo, na mzizi huo uliosagwa siku hiyohiyo. Kisibiti alikuwa nacho kabatini.

Paja, kama kilo moja na nusu, alilipaka chumvi usiku akaliacha kwenye friji bila kulifunika. Kesho yake aliliingiza kwenye oveni ya nyuzi 120, akachoma kipimajoto katikati, akalitoa kilipofika 54. Kisha, na hapa wengi hukosa subira, akaliacha juu ya ubao nusu saa nzima. Ukilikata likiwa limetoka motoni, mchuzi wote unamwagikia ubao. Mafuta na majimaji ya kwenye sinia aliyachanganya na supu ya mifupa. Mzizi aliukuna karibu na dirisha lililo wazi, uso ameugeuza pembeni. Hosiradishi nzima haina harufu ya kukutisha. Ukali unazaliwa unapoipasua, na unaendelea kupanda mpaka utie siki. Yeye alisubiri dakika kama tatu. Watoto walitoka jikoni wenyewe bila kufukuzwa.

Nje theluji ilikuwa inaanguka na gari la manispaa lilikuwa linapita likimwaga chumvi njiani. Akacheka, akasema: "Ndugu yangu, hapa chumvi iko kila pahali. Barabarani iko, kwenye mkate iko."

Weck yake, nasema bila kumpendelea, ilishindana na za mjini. Alikata nyama kwa kufuata upana wa nyuzi zake, si urefu, kwa hiyo haikuwa na cha kutafuna sana. Mkewe alitaka kuongeza kachumbari na akazuiwa, jambo lililozua mjadala mrefu ambao sitaumaliza hapa. Kwa maoni yangu mama alikuwa na hoja, ila kachumbari na ikae sahani ya pembeni.

Aliye Dar es Salaam au Mombasa anaweza kujaribu. Paja lipo buchani, skonzi ipo kwa mwokaji, kisibiti kipo kwa muuza viungo, na palipokosekana hosiradishi, unga wa haradali uliokorogwa kwa maji baridi ukaachwa dakika kumi utakupa ukali wa jamii hiyo, unaopanda puani vilevile. Skonzi inyunyiziwe chumvi wakati watu wameshakaa mezani, maana joto lenye unyevu la pwani litaiharibu upesi kuliko hata Buffalo.

Na ukijaliwa kwenda Niagara, tenga saa mbili za mji. Agiza weck, sema mchuzi uwe kwenye nusu ya juu tu, hosiradishi ije pembeni ujitilie kwa kiasi chako, na uile hapohapo kwenye kaunta. Wakikuuliza kama wakufungie uondoke nayo, kataa.