Mlima tunao, uwanja wa barafu hatuna

UKITOKA Nairobi kwa njia ya Embu, utapita Mwea na mashamba yake ya mpunga, uingie Embu, kisha Chuka na Nkubu, na kabla hujafika Meru mjini utakuwa umevuka mstari wa ikweta. Meru badilisha gari, upande matatu ya Maua. Utapita Nchiru, palipo na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na makao ya wazee wa Njuri Ncheke, na baada ya mwendo usio mrefu utamsikia kondakta akigonga ubavu wa gari: "Kianjai! Kianjai wateremke!"

Kianjai ni mji wa barabarani. Maduka yamejipanga pande zote mbili za lami, na nyuma yake kuna soko, mashamba na migomba. Siku ya soko akina mama huteremsha magunia ya maharagwe, njahi na ndizi, huku vijana wa bodaboda wakigombea abiria. Upande wa mashariki ipo milima ya Nyambene, kwenye miraa. Alasiri magari yanayobeba miraa hushuka kutoka huko kwa kasi ya kutisha, na mwenye busara husimama mbali na lami mpaka yapite. Miraa ikikauka haina bei, kwa hivyo dereva hapigi breki ovyo.

Lakini asubuhi isiyo na mawingu, mgeni hatazami barabara. Hutazama kusini-magharibi, ambako Mlima Kenya hujitokeza ukiwa na weupe wake kileleni. Wameru huuita Kirimaara. Ni mlima huo uliozua mjadala nilioukuta katika hoteli moja ya chai na chapati hapo Kianjai, mjadala ambao naona unafaa kuletwa kwenye meza ya kila familia Jumapili hii.

Swali la mwanafunzi

Vijana watatu wa sekondari walikuwa wameinamia simu moja. Nilidhani ni kandanda ya Uingereza. Kumbe ni mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu, na timu zilikuwa za Ufaransa. Wachezaji waliovaa kofia ngumu walikuwa wakiteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakikimbiza kidude cheusi kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha mkebe, na kila mara wakigongana na ubao wa pembeni kwa kishindo.

Mmoja wao alipojua kazi yangu, aliniuliza: "Mwandishi, hawa Wafaransa wana milima yenye barafu, na sisi tunao huu wetu. Mbona wao wana ligi na sisi hatuna hata uwanja?"

Mzee aliyekuwa akinywa chai pembeni alicheka. "Mwanangu," akamwambia, "barafu ya Kirimaara ni ya Mungu. Nani ataipanda kwa magongo?"

Kicheko kikazagaa hotelini. Hata hivyo swali la kijana lilikuwa la haki, na jibu lake lina mafunzo kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza.

Mlima wetu ni mrefu kuliko wao

Tuanze na hesabu. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199. Mont Blanc, mlima mkubwa wa Ufaransa, una mita zipatazo 4,808. Kwa hivyo Kirimaara inaishinda Mont Blanc kwa karibu mita 400. Kama ligi zingegawiwa kwa urefu wa milima, Meru ingekuwa na timu kabla ya Wafaransa.

Chini ya Mont Blanc kuna mji mdogo uitwao Chamonix. Hapo ndipo Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika kwa mara ya kwanza, mwaka 1924. Uwanja wa barafu ulikuwa wa wazi, chini ya anga, na Wakanada waliwatandika wenzao bila huruma. Waliwafunga Waswisi mabao 33 kwa bila! Timu ya Chamonix nayo imechukua ubingwa wa Ufaransa mara 30, la mwisho likiwa mwaka 1979.

Ufaransa ina jina kubwa katika historia ya mchezo huu. Shirikisho la kimataifa la magongo ya barafuni liliundwa mjini Paris mwaka 1908, na rais wake wa kwanza alikuwa Mfaransa, Louis Magnus. Mpaka leo ligi kuu ya nchi hiyo inaitwa kwa jina lake, Ligue Magnus.

Msimu wa ligi hiyo huanza Septemba, wakati mkulima wa Kianjai anapotayarisha shamba kungojea mvua ya Oktoba. Katika miaka ya karibuni timu zimekuwa 12, na kila moja hucheza mechi 44 kabla ya kuingia hatua ya mtoano. Bingwa hupatikana majira ya machipuko, wakati huku kwetu mvua ya masika imekwisha kuanza. Kila mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na kila upande huwa na watu sita uwanjani, kipa akiwemo. Kasi ni kubwa mno hata mchezaji hubadilishwa baada ya muda usiofika dakika moja, akapumzike na kurudi tena.

Barafu haitoki mlimani

Sasa sikiliza jambo ambalo wale vijana hawakulitarajia. Bingwa mkubwa wa Ufaransa katika miongo ya karibuni si mji wa mlimani. Ni Rouen, mji ulio kwenye bonde la mto Seine, ambao ulinyakua taji lake la kwanza mwaka 1990 na kuendelea kuyakusanya. Bordeaux ina timu, ilhali mji huo unajulikana kwa mizabibu. Nice na Marseille ziko kando ya bahari yenye joto, watu huenda huko kuota jua, na bado zina timu za magongo ya barafuni.

Inawezekanaje? Ni kwa sababu barafu ya kuchezea haitoki mlimani. Hutengenezwa. Chini ya sakafu ya zege hupitishwa mabomba yenye maji maalumu yasiyoganda upesi, ambayo yamepozwa na mashine hadi chini ya sifuri. Juu ya sakafu hiyo hunyunyizwa maji kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, mpaka ipatikane barafu ya unene wa sentimita tatu hivi. Katikati ya mchezo gari maalumu hupita kuiparura na kuilainisha kwa maji ya moto. Ajabu, sivyo? Maji ya moto hulainisha barafu vizuri kuliko ya baridi.

Kwa ufupi, anayetaka mchezo huu anahitaji jengo, umeme usiokatika ovyo, maji na fundi wa mitambo. Mlima si sharti. Niliwaeleza vijana hivyo, na yule muulizaji akakaa kimya kidogo. "Basi," akasema, "hata hapa nyuma ya soko inawezekana."

Inawezekana, na ushahidi si wa mbali.

Simba wa barafuni wa Nairobi

Mwaka 2005, katika hoteli ya Panari iliyo kando ya barabara ya Mombasa jijini Nairobi, kilifunguliwa kiwanja cha barafu, cha kwanza katika Afrika Mashariki. Ni kidogo kuliko kiwanja kamili cha kimataifa, ambacho huwa na urefu wa mita 60. Wengi walikwenda hapo kuteleza, kuanguka na kupigwa picha. Lakini wageni kutoka Amerika Kaskazini waliokuwa wakiishi Nairobi walianza kucheza magongo, na vijana Wakenya wakajiunga nao. Ndivyo ilivyozaliwa timu ya Ice Lions, yaani Simba wa Barafuni.

Wengi wa vijana hao hawakuanza kwenye barafu. Walianza kwenye lami, kwa viatu vya magurudumu, kama wale unaowaona Jumapili mitaani Nairobi wakipita kwa mbwembwe. Kusawazisha mwili, kugeuka na kusimama ghafla ni mambo waliyoyajua tayari. Walichobadilisha ni magurudumu, wakavaa makali.

Tatizo lao lilikuwa moja la kusikitisha: hawakuwa na wa kucheza naye. Timu ilikuwa peke yake katika eneo zima. Walijigawa wao kwa wao, wakacheza, wakaondoka. Mwaka 2018 kampuni moja ya mikahawa ya Canada, Tim Hortons, iliwasafirisha hadi nchini humo wakacheza na timu nyingine kwa mara ya kwanza. Huko walishtuka kuwaona Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wawili wa ligi ya Amerika Kaskazini, wakiingia chumbani na kuvaa jezi za Kenya ili wacheze upande wao.

Mwaka 2020 corona ilifunga viwanja na kumbi nchini, na mchezo unaotegemea chumba kimoja ulipata pigo. Lakini haukufa. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa, lile lile lililoundwa Paris mwaka 1908. Afrika Kusini ilikuwa imetangulia tangu mwaka 1937.

Wala Simba hawa si Wakenya wa kwanza kuingia katika michezo ya baridi. Mwaka 1998 Philip Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alishiriki mbio za kuteleza thelujini katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alimaliza wa 92, mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini ili amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang, akiteremka milima kwa kuteleza thelujini.

Na magongo yenyewe si mageni kwetu. Katika Kombe la Dunia la kwanza la magongo ya uwanjani, lililochezwa Barcelona mwaka 1971, Kenya ilishika nafasi ya nne.

Mlima unapungukiwa

Turudi kwa yule mzee wa Kianjai. Baada ya vicheko kwisha alisema neno ambalo lilininyamazisha. "Tulipokuwa vijana weupe ule ulikuwa mpana," alisema akielekeza kidole nje. "Siku hizi naona mawe."

Macho yake hayakumdanganya. Barafu ya Lewis, ambayo ndiyo iliyopimwa na wataalamu kwa muda mrefu kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Mwaka 2020 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba mambo yakiendelea hivyo, barafu ya Mlima Kenya huenda ikatoweka katika miaka ya 2030. Chamonix nako ni kilio. Barafu yao kubwa, Mer de Glace, imekuwa ikirudi nyuma na kunywea mbele ya macho ya watalii.

Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii. Mtoto wa darasa la kwanza Kianjai leo anaweza kumaliza sekondari na kuukuta mlima wake ukiwa jiwe tupu. Wakati huo huo, barafu pekee ya kuchezea nchini kwake iko ndani ya hoteli, zaidi ya kilomita 200 kutoka nyumbani, na mlangoni hulipiwa. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake ni mzigo kwa mzazi anayeuza ndizi. Barafu ya bure inaondoka, na ile ya kutengenezwa haijamfikia.

Tufanye nini? Sitamdanganya msomaji kwamba kaunti ijenge jumba la barafu nyuma ya soko kesho, ilhali kuna zahanati zinazokosa dawa. Lakini mfano wa Briançon unafaa kukumbukwa. Huo ni mji wa milimani Ufaransa wenye wakazi wapatao 11,000, na mwaka 2014 uliibwaga miji mikubwa na kuwa bingwa wa taifa. Haukushinda kwa wingi wa watu. Palikuwa na uwanja karibu na nyumbani, na mtoto aliweza kwenda baada ya shule na kurudi kabla ya chakula cha usiku.

Kwa Kianjai, hatua ya kwanza ni sakafu ya saruji iliyosawazishwa vizuri katika shule moja, jozi kadhaa za viatu vya magurudumu, magongo na mwalimu mwenye subira. Vijana wa Nairobi walianzia kwenye magurudumu. Sakafu hiyo hiyo itafaa mpira wa wavu, netiboli na mikutano ya wazazi, kwa hivyo hakuna shilingi itakayopotea. Atakayeonekana ana kipaji, hapo sasa atafutiwe nauli ya kwenda Panari. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa msomaji wa jijini anayepanga safari ya likizo, nenda Kianjai na watoto. Lala Meru, amka alfajiri, na ufike huko kabla mawingu hayajapanda. Waonyeshe weupe ule ungali upo, na uwaeleze kwamba wanaotazama ni miongoni mwa vizazi vya mwisho kuuona. Kisha Jumamosi nyingine wapeleke Panari wawaone Wakenya wenzao wakikimbiza kile kidude cheusi. Watakuwa wameona barafu mbili za nchi yao, moja inayoyeyuka na nyingine inayotunzwa kwa mashine kila siku, na nyumbani watakuwa na maswali mengi kuliko yale ya mwanafunzi wa Kianjai.